Fermé Si Kuzima

Mama mwenzangu, kabla hujamwambia jirani yako kwamba anakula umeme wako, simama kwanza. Zima vyote, halafu angalia ile taa ndogo nyekundu ya compteur, mita ya umeme. Mimi sikuiangalia. Nilitazama mikono ya jirani tu, na nusura nimpoteze mtoto. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primaire, sikuendelea, kwa hiyo utanisamehe mwandiko. Lakini haya niliyaona mwenyewe, na sitaki yakupate wewe.

Jina langu Micheline. Hapa Mangobo wananiita Mama Aimée, kwa jina la binti yangu wa pekee. Aimée ana miaka tisa, na ana pumu. Moshi wa makala, makaa ya kupikia, ukimgusa, kifua chake kinaanza kupiga filimbi, mabega yanapanda, macho yananitafuta. Ndiyo maana mbabula, lile jiko la makala, niliigawa, mimi napika kwa réchaud ya umeme. Na karibu na kitanda chake kuna mashine ndogo ya kuvutia dawa, inayogeuza dawa kuwa kama mvuke. Baba yake aliuza baiskeli ili aipate. Mashine ile haili umeme mwingi, lakini umeme usipokuwepo, ni sanduku tu la plastiki. Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa mtu wa kukimbilia compteur kila saa, kama mtu anayechungulia maziwa yasimwagike.

Zamani hatukuwa na hofu hiyo. Facture ya umeme ilikuja kila mwezi, bei ile ile. Uwashe, uzime, bei ile ile. Sasa nani angezima? Lampe ya barza yangu, mbele ya nyumba, iliwaka na jua, zikashindana. Courant ya umeme ikikatika, tuliacha kila kitu kimewashwa ili tujue saa itakaporudi, na ikirudi, watoto wa avenue nzima wanapiga kelele: "Eeeeh!" Hata mama wa kanisa alipiga kelele. Hiyo ndiyo tabia tuliyolea.

Halafu wakatuletea compteur mpya. Unalipa mbele, unaingiza namba, unités zinaingia, halafu unaziona zinashuka moja moja kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Compteur ni moja kwa parcelle nzima, kiwanja chote. Kwetu kuna nyumba mbili: yangu mbele, na ndogo ya nyuma, ambayo Madina alikuwa ameipanga miezi mitatu tu. Madina ni fundi wa nguo, mwanamke wa sala tano na kicheko kirefu. Tulipatana kila mmoja ataleta nusu ya unités. Watu wa parcelle ya pili waliniambia unités hamsini zinawapeleka wiki tatu.

Sisi zilitupeleka siku tano.

Nikazima lampe ya barza. Nikanunua ampoule, balbu zile zisizokula sana. Nikalowesha madeso, maharagwe yetu, usiku kucha ili yaive upesi. Nikamkataza Aimée télé. Zilikwenda siku tano na nusu.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, niseme aibu yangu. Papa Aimée, mume wangu Nephtali, anafanya kazi Yangambi, kwenye mashamba ya utafiti. Anakuja kwa boti mara mbili kwa mwezi, mara nyingine mara moja. Ndoto yake ni vifaranga. Katika depo yetu, kile chumba kidogo cha bati pembeni ya mlango wa Madina, alitengeneza couveuse ya kuatamia mayai: sanduku kubwa la mbao, kuta mbili mbili, katikati amejaza unga wa mbao, chini ameweka resistance ya kutoa joto. Mayai ya kwanza yalioza kwa sababu courant ilikatika siku mbili. Hakuchoka. Alimtuma Technicien Lambert aje aweke fil mpya, waya, na disjoncteur yake peke yake, swichi ya kuwasha na kukata, ili yeye atakapokuja na mayai mengine aanze.

Lambert ni mtu wa shule. Shati ndani ya suruali, kalamu tatu mfukoni. Siku alipomaliza, alisimama barzani mbele ya disjoncteur tatu: ya kwangu, ya Madina, ya depo. Nilikuwa naogopa unités. Nilitaka ile ya depo ilale mpaka mayai yafike. Kwetu sisi tunasema "funga courant", kama tunavyosema "funga radio". Lakini mbele ya yule bwana mwenye kalamu tatu nikaona haya kusema funga. Nikataka ajue kwamba mimi pia nilikaa kwenye benchi la shule.

Nikasema neno la Kifaransa, "Monsieur Lambert, ligne ya depo, il faut iwe fermée. Bien fermée."

Lambert akageuka, akanitazama kwa heshima mpya.

"Ah, mama! Kumbe uko unajua courant! Wengine wananiambia funga-fungula, funga-fungula, sijue wanataka nini. Wewe unasema vile tunasema ku kazi, ku chantier."

"Nilisoma kidogo," nikajibu, na shingo yangu ikarefuka.

"Bon. Voilà." Akasukuma kijiti cha disjoncteur. "Circuit iko fermé, mama. Bien fermé."

Akavuta mlango wa depo, akabana kufuli. Ufunguo ulikuwa Yangambi, mfukoni mwa Papa Aimée, kwa sababu ya wezi wa vyombo. Nikampa Lambert ndizi za njiani, akaenda, na mimi nikabaki na utukufu wangu.

Basi unités zilipokimbia, sikuwaza depo hata mara moja. Depo ilikuwa fermée. Nani amebaki? Madina. Mchana kutwa nasikia mashine yake ya kushona: trrr, trrr, trrr. Kila trrr ilinichoma rohoni. Nilikuwa nahesabu: ile trrr ni pumzi ya Aimée.

Alhamisi moja asubuhi compteur ilionesha sita. Nikatoka, nikamkuta amekaa mlangoni, nguo ya bibi arusi magotini.

"Madina, hii mashine yako italala siku gani?"

"Siku watu wa Mangobo wataacha kuvaa nguo, Mama Aimée." Akacheka. Mimi sikucheka.

"Unités iko sita. Juzi tulitia makumi mbili. Uko unakula courant ya mutoto wangu!"

Kicheko chake kikakatika. Akavuta kitambaa pembeni, akanionesha miguu yake juu ya kanyagio la chuma.

"Angalia vizuri. Mimi nashona na miguu. Hii mashine inakula magoti yangu, haikule courant."

Nikaona ni kweli. Lakini mtu mwenye hasira hataki kurudi bila kitu.

"Na pasi? Nguo zote hizi unanyoosha na ulimi?"

"Pasi yangu ni ya makala. Naiwashia kule nyuma ya ukuta, sababu ya kifua ya Aimée. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nikasema, "Na frigo! Nilikuona siku uliingia, watu wanne walibeba frigo!"

Madina akasimama, akaingia ndani, akafungua mlango wa frigo kwa nguvu. Ndani kulikuwa na vitambaa, vimekunjwa vizuri, kitenge juu ya kitenge, na Kurani ndani ya mfuko safi juu kabisa.

"Ilikufa tangu siku za marehemu mama yangu. Panya hawawezi kuingia. Ni kabati. Ungeniuliza, yaya, dada yangu, ningekuonesha siku ya kwanza."

Hapo ningeomba msamaha. Badala yake ulimi wangu ukasema, "Courant haipotei bure. Samedi naita mutu, anakata fil yako. Kila mutu na yake."

Akafunga mlango wa frigo.

"Kata. Nitashona na jua. Lakini siku utamujua mwizi, Mama Aimée, uniletee jina lake mbele ya kuniletea pole."

Ijumaa nikaenda soko. Compteur ilikuwa na moja na nusu. Nikajisemea: mchana kutwa hakuna mtu nyumbani, lampe zote zimezimwa, itatosha mpaka nirudi na unités. Aimée alikuwa shule.

Nilikuwa napima samaki wa kukaushwa aliposimama mwendesha moto mmoja, pikipiki ya abiria, mbele yangu, jasho linamtoka.

"Wewe ndiyo Mama Aimée? Madina amenituma. Mutoto iko ku zahanati, centre de santé."

Samaki zilianguka. Sijui kama nilizilipa.

Njia nzima nilishika shati la yule kijana, nikisema jina la Yesu. Nilipofika, Aimée alikuwa amekaa kitandani, kifuniko cha dawa puani na mdomoni, mashine ya pale inanguruma. Mabega bado yalipanda, lakini polepole. Nyuma yake Madina amepanda kitandani na viatu vyake, amemshika mgongo wima kifuani mwake, anamwimbia kitu kidogo kidogo. Sindano za kushonea bado zilikuwa kwenye blauzi yake.

Muganga akaniambia, "Mama, angechelewa nusu saa, tungesema mengine."

Mambo yalikuwa hivi. Shule ilikuwa inachoma takataka. Aimée alirudi mbio, kifua kimeshafunga. Madina alimsikia kutoka kwa mlango wake. Akamkimbiza kwenye mashine, akabonyeza: kimya. Akakimbilia compteur: sifuri. Basi akambeba, akasimamisha moto, akamweka katikati yake na dereva ili asianguke, na nguo ya bibi arusi wa watu ikabaki kwenye vumbi, nusu haijashonwa.

Na kesho yake, Samedi, mimi nilikuwa nimemwita mtu wa kumkatia fil.

Nilifungua mdomo nimpe pole. Madina akanitangulia.

"Usinipe pole. Uliniahidi jina ya mwizi."

Jioni tukarudi wote watatu, Aimée amechoka, lakini anadai uji. Madina alipita kwa muuzaji, akanunua unités kumi kwa pesa yake. Akaingiza namba. Compteur ikaamka. Nami nikasogea haraka kuwasha réchaud.

"Ngoja," akasema. "Usiwashe kitu. Kule nilitoka, avenue ya nyuma ya Tshopo, tulikuwa na compteur ya aina hii. Uko unaona kile kitaa nyekundu? Kila inapopepesa macho, imemeza kidogo. Courant ikitumika sana, inapepesa mbio. Isipotumika, inalala. Tuzime zote."

Tukaenda barzani. Akashusha kijiti cha disjoncteur ya kwake. Akashusha cha kwangu. Nyumba mbili zikawa giza la jioni. Tukasimama, vichwa vitatu mbele ya compteur.

Kitaa kikapepesa.

Tukangoja.

Kikapepesa tena.

"Mwizi iko ndani ya parcelle," Aimée akanong'ona.

Madina akainua kidole kwenye kijiti cha tatu. "Na hii?"

"Hiyo wacha, ni ya depo. Iko fermée. Lambert alifermer mwenyewe, mbele yangu."

"Fermée?" Madina akainama. "Mama Aimée, zile mbili tumezima zinaangalia chini. Hii inaangalia juu."

Mama mwenzangu, kijiti kile nilikuwa nakiona kila siku. Napita pale nikienda kufagia, napita nikirudi. Macho yaliona kiko juu. Lakini masikio yalikuwa yamesikia fermé, kwa hiyo macho yakanyamaza.

Madina akakishusha. Tak.

Tukatazama kitaa. Tukahesabu mpaka mia moja, Aimée ndiye aliyehesabu. Hakikupepesa tena.

Nilichukua shoka nikapiga kufuli. Mlango ulipofunguka, joto lilitupiga usoni kama tumefungua tanuru ya mikate. Couveuse ilikuwa imewaka wiki zote zile, usiku na mchana, kila courant ilipokuwepo, inaatamia hewa. Yai hata moja hakuna. Pembeni yake, gunia la makala ambalo Papa Aimée alilihifadhi lilikuwa limeegemea mbao, na upande ule nyuzi za gunia zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Nikaligusa, nikaondoa mkono. Na ukuta ule wa bati, upande wa pili, ndipo kitanda cha Madina.

Nikakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Jina yake ni Micheline," nikamwambia. "Mwizi. Nimekuletea jina mbele ya pole."

Madina akafunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, mpaka sindano moja ikaanguka.

"Aah, yaya! Kuku yako haina yai, haina manyoya, lakini inakula kushinda harusi!"

Nikampigia Lambert simu, moto kabisa.

"Monsieur, nilikuambia ligne iwe fermée!"

"Lakini mama, iko fermée!"

"Ilikuwa inawaka!"

"Ndiyo. Fermée, donc inawaka. Fil zimegusana, njia imefunga, courant inazunguka. Ingekuwa ouverte, fil zimeachana, courant haipiti." Nikasikia akijipiga paji la uso. "Mama... ulitaka nizime?"

Ndiyo hiyo. Mlango ukifungwa, mtu hapiti. Njia ya umeme ikifungwa, umeme unapita. Yeye alisema neno la shule yake, mimi nilisema neno la majivuno yangu, na Aimée akalipa kwa pumzi. Mama, usione haya. Mbele ya fundi, sema zima. Sema inawaka au haiwaki. Asikupe jibu tu: akuoneshe kwa kidole, na wewe uguse kijiti kwa mkono wako.

Papa Aimée alifika kwa boti ya Jumanne. Nilimwambia yote, hata la ndizi nilizompa Lambert. Alikwenda depo, akaiwasha couveuse kwa muda wa saa moja kuipima, halafu akakata fil yake, akatoa resistance, akayahamisha makala mbali. Nilijua ndoto yake imeumia. Jioni nikaingia depo kumfariji, nikaweka mkono ndani ya sanduku. Tangu aipime na kuizima, masaa yalikuwa yamepita.

"Papa Aimée, mbona bado iko moto?"

"Si ndiyo kazi yake? Nilitia unga wa mbao ili joto isitoroke. Sanduku haina kosa, Micheline. Thermostat, ile ya kukata joto ikitosha, ndiyo ilikufa, haikujua kusema basi."

Joto isitoroke. Neno hilo likabaki kichwani mwangu usiku mzima.

Kesho yake nilichukua madeso yaliyolowa, nikayachemsha kwenye réchaud, yakatokota kwa nguvu nusu saa. Nikazima. Nikaibeba sufuria na kifuniko chake, nikaiweka ndani ya couveuse isiyo na fil, nikaifunika kwa blanketi kuukuu, nikabana mlango. Madina alisimama anatazama, mkono kiunoni.

"Sasa yaya anaatamia madeso."

"Ngoja yatoke na manyoya."

Mchana tulifungua. Mvuke ukatupiga usoni. Madeso yalikuwa laini, yanapondeka kati ya vidole viwili. Nikayarudisha motoni dakika chache tu na chumvi, mafuta ya mawese na kitunguu. Bila moshi, bila réchaud ya masaa matatu. Madina alikula sahani mbili, halafu akaleta sufuria yake ya mihogo tuiweke baada ya yangu.

Mpaka leo sanduku lile ni letu sote. Yeye analeta yake asubuhi, mimi naleta yangu saa nne. Yule mtu wa kukata fil alikuja ile Samedi na koleo lake. Nilimpa chai, akakata fil mbovu ya barza, akaenda. Unités hamsini sasa zinatupeleka wiki tatu na siku mbili. Tulipatana pia sheria moja: compteur ikifika kumi na tano, tunasema ni sifuri, tunanunua. Hizo kumi na tano ni za mashine ya Aimée, hata télé ya mpira haizigusi. Papa Aimée alinung'unika siku moja tu, siku ya mechi.

Na courant ikikatika, tunazima vyote tunaacha ampoule moja tu ituambie imerudi. Réchaud, kamwe. Muambie na dada yako hivyo.

Juzi Lambert alikuja kuweka thermostat mpya kwenye couveuse ya pili, ndogo, maana Papa Aimée hajaacha vifaranga vyake. Alikuta Aimée amebandika karatasi chini ya disjoncteur tatu, herufi kubwa za kalamu nyekundu: JUU INAKULA. CHINI IMELALA.

Akasoma, akavua kofia. "Na neno fermé, mama, tunaliweka wapi?"

"Rudi nalo ku chantier," nikasema, na Madina akapiga kigelegele.

Kuna mchezo Aimée ameuanzisha jioni. Anasimama mbele ya compteur, mkono kifuani, anahesabu pumzi kati ya kupepesa kumoja na kungine. Siku za kwanza, ampoule nyingi zikiwaka, zilikuwa mbili. Jana, ampoule moja tu ikiwaka, nilimsikia akisema saba, nzima nzima, bila filimbi. Akangoja, akavuta ya nane.